Safari ya Miamba Bila Gwynfor

Uongo wenyewe Ceinwen aliusema akiwa amempa mzee mgongo, anakosha kikombe kilichokwisha kutakata. Alimwambia Gwynfor kwamba mwaka huu safari haipo. Goti limemsumbua tangu majira ya baridi, daktari amemkataza kupanda, na wenzao nao kila mmoja ana lake. Basi wangoje mwaka ujao, Mungu akipenda.

Gwynfor alikuwa ameketi mezani, kofia yake ya sufu ameiweka magotini. Alimtaka arudie, kwa sababu maji ya bomba yalikuwa yanapiga kelele. Ikabidi Ceinwen afunge bomba, ageuke, amtazame usoni na kuusema uongo ule mara ya pili, kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama anavyowasemesha wakongwe wa kule kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi.

"Pole, binti yangu," Gwynfor alisema. "Goti si kitu cha kufanyia mchezo. Miamba haiendi popote."

Akanywa chai yake akaimaliza, akaaga. Ceinwen alimsindikiza mpaka mlangoni, na hapo ndipo alipokumbuka kuchechemea.

Hao wawili walikuwa wamekwea pamoja miaka mingi. Ceinwen alipoachwa na mumewe akawa hana hamu hata ya kuchana nywele, ni Gwynfor, jirani wa mtaa wa juu, aliyemgongea mlango asubuhi moja akamwambia avae viatu. Alimpeleka bonde la Ogwen, akamfunga kamba kiunoni, akamfundisha kuliamini jiwe. Tangu hapo, kila majira ya kuchipua walikaa meza ile ile ya jikoni, wakatandaza ramani, wakapanga safari ya mwaka: kwanza milimani, Tryfan na majabali ya Idwal, kisha kuvuka daraja kwenda kisiwa cha Ynys Môn, kwenye majabali yanayoinuka moja kwa moja kutoka baharini. Gwynfor alikuwa na furaha ya mtoto wakati wa kupanga. Alipenda kubishana juu ya njia ipi ianze na nani atangulie, na mara nyingine Ceinwen aliona kwamba mzee anaifurahia meza kuliko mwamba wenyewe.

Lakini masikio yalikuwa yamekwisha. Gwynfor alikuwa mlipuaji baruti katika machimbo ya mawe ya kuezekea hapo Bethesda, tangu ujana hadi kustaafu, na baruti ndiyo iliyomla. Lilianza kwenda sikio la kushoto, halafu la kulia likalifuata, naye hakukiri hata moja. Mtu akimsemesha upande mbaya hucheka akasema "ndiyo, ndiyo", na watu wengi jibu hilo huwatosha.

Kwenye mwamba halitoshi. Watu hukwea wawili wawili. Wa kwanza hupanda akichomeka vyuma vyake kwenye nyufa na kupitisha kamba, mwenzake hubaki chini ameishika kamba hiyo, na huyo mshika kamba ndiye mwenye roho ya mwenzake mkononi. Wa juu akishajifunga mahali salama humwita wa chini kwamba yuko tayari, ndipo kamba iachiwe.

Mwezi wa kumi mwaka uliotangulia, kwenye majabali ya Gogarth kule Ynys Môn, Ceinwen ndiye aliyekuwa mbele. Bahari ilikuwa imechafuka, mawimbi yanagonga chini kama milango ya ghala. Alifika kwenye ukingo mwembamba wa jiwe, bado hajapata ufa wa kuchomeka chuma chochote. Gwynfor akauliza kwa kelele kama yuko tayari. Akajibu, "Sijawa tayari, mzee, usiachie." Upepo uliyachukua maneno yote ukambakishia Gwynfor moja tu. Ceinwen alipotupa jicho chini aliiona kamba imelegea, inayumba mbali na mwamba, na Gwynfor ameinama anafunga viatu, mikono yote miwili ikiwa huru.

Hakuita tena. Aliogopa hata pumzi yake isije ikamsukuma. Alipapasa jiwe kwa vidole mpaka akapata ufa, chuma cha kwanza kikachomoka, cha pili kikashika, akajifunga, akakaa chini na kulia bila sauti. Gwynfor alipofika juu alikuwa amelowa povu na anacheka. Alitoa mkate wa zabibu uliopondeka mfukoni, akamkatia kipande kikubwa.

"Leo umetulia sana," alimwambia.

"Nimechoka tu," akajibu.

Alijiambia atamwambia garini. Garini Gwynfor aliimba nyimbo za kanisani njia nzima. Alijiambia atamwambia wakifika, kisha baada ya Krismasi, kisha hali ya hewa itakapotulia. Kazini kwake alikuwa amezoea kuwaambia wazee uongo mtamu, kwamba mwana wao atakuja kesho, kwamba wanapendeza leo, na ulimi wake ulikuwa umelainika kwa uongo wa aina hiyo. Alijihesabu mwenye huruma. Mzee wa watu amebakiwa na miamba tu, na mkewe yuko kaburini. Nani atakuwa na moyo wa kumwambia kwamba mikono yake nusura imuue mtu?

Ikawa Pasaka inakaribia, na wenzao wawili wakaanza kuuliza habari za safari. Iolo alikuwa fundi umeme mwenye mdomo usiotulia, na Heledd alikuwa mwalimu wa shule ya watoto wadogo, mpole, mchunguzi. Hao Ceinwen aliwaambia kwamba Gwynfor mwenyewe amesema amechoka, mwaka huu ajipumzishe, wala wasimsumbue kwa maswali maana linamuuma. Iolo alisikitika. Heledd alisema ni ajabu, juzi tu alimwona mzee anapaka mafuta pete za kamba zake. Ceinwen akasema mazoea tu hayo.

Kwa hiyo alikuwa na uongo wa namna mbili, kila mmoja na mlango wake, na kazi yake ikawa kuhakikisha milango hiyo haifunguki pamoja.

Ambalo hakulitazamia ni wema wa Gwynfor. Mzee alilichukulia lile goti kama msiba wa familia. Alimletea sufuria ya cawl, mchuzi wa kondoo na viazi, akaiacha mlangoni imefungwa kitambaa. Siku ya takataka alishuka kutoka mtaa wa juu kuja kumtolea pipa lake barabarani kabla hajaamka. Alimpasulia kuni. Jumapili, baada ya ibada, alimshika mkono kwenye ngazi za kanisa mbele ya watu wote, na wamama wakamuuliza Ceinwen amepatwa na nini, naye akalazimika kuwadanganya wao pia, hapo hapo mlangoni pa nyumba ya Mungu. Siku moja alijikuta anachechemea kwa mguu wa kulia, na goti alilolitaja lilikuwa la kushoto. Gwynfor alitazama, akasema kuumwa huhama, hata yeye mgongo wake una tabia hiyo.

Cawl ile aliila, akashindwa kuimaliza. Ilikuwa tamu. Iliyobaki aliimwaga, kisha akaosha sufuria ya mzee kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Jumamosi moja ya mvua Iolo na Heledd walikuja kupanga safari. Ceinwen alikuwa amekwisha kuulizia, akajua kwamba mchana ule Gwynfor yuko kwa bintiye Mabli, anayefuga kondoo, maana ulikuwa msimu wa kuzaa. Wakatandaza ramani mezani, wakamwaga vyuma na kamba sakafuni kuvikagua. Iolo alitaka waanzie baharini. Heledd akamwambia upande mmoja wa majabali ndege wanaatamia, umefungwa mpaka mwisho wa Julai, na upande ulio wazi una maji yanayojaa haraka, lazima waende na ratiba ya bahari. Wakakubaliana waanze Tryfan kama kawaida. Mvua ikiwakuta milimani watakimbilia pwani, kwa sababu mara nyingi Ogwen ikizama kwenye mawingu, kule Gogarth watu wanaota jua.

"Na mimi nashikiwa kamba na nani?" Iolo aliuliza. "Tuko watatu. Mzee angekuwepo tungekuwa jozi mbili. Mnaniacha mimi kama soksi iliyopotelewa na mwenzake."

Heledd alicheka. Ceinwen alikuwa anatafuta jibu mlango ulipogongwa.

Miguu yake ilifanya kabla ya akili kufikiri. Alitoka mezani kwenda mlangoni akichechemea. Alichechemea jikoni mwake mwenyewe, mbele ya watu wawili waliomwona saa ile ile akipanda juu ya kiti kutoa kamba kabatini, na aliwasikia nyuma yake wakinyamaza.

Gwynfor alikuwa amesimama mvuani na fimbo mkononi. Ilikuwa fimbo ya kutembelea, ya mti uliosuguliwa ukang'aa, na kishikio chake kilichongwa kwa pembe ya kondoo dume. Alisema kwa Mabli kazi imekwisha mapema, akaona aipitishe. Ameichonga kidogo kidogo jioni, kwa ajili ya goti. Na alipokuwa anasema hivyo, macho yake yalipita bega la Ceinwen, yakaingia jikoni, yakaiona ramani, yakashuka sakafuni kwenye vyuma na kamba, yakapanda kwenye nyuso za Iolo na Heledd.

Iolo, mwenye neno kwa kila jambo, alikuwa anatazama kucha zake.

"Una wageni," Gwynfor alisema. "Basi sikai."

"Ingia, mzee wangu. Mvua hii."

"La, la. Nimelowa, nitakuchafulia." Akampa fimbo. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu na hakutaka kuondoka kama mtu aliyekasirika, alinyoosha kidole kuelekea mezani. "Idwal msiende asubuhi. Jua halilifikii jabali lile mpaka mchana. Mtateleza."

Akavaa kofia yake akapandisha mtaa. Ceinwen alibaki amesimama na fimbo mkononi, mlango wazi, mvua inamrukia miguuni. Alitamani ardhi ipasuke. Aligeuka mwishowe, akarudi mezani kwa mwendo wa mtu mzima asiye na ugonjwa wowote, na kila hatua ilikuwa ushahidi.

"Mzee alisema amechoka," Heledd alisema taratibu, "au wewe ulisema mzee amechoka?"

Ceinwen akawaeleza, yote, na habari za mwezi wa kumi. Alitegemea kwamba wakisikia habari ya kamba iliyoachiwa watamwelewa. Iolo alikuwa amepauka. Lakini alichouliza ni kwa nini hakusema. Ceinwen akasema hakutaka kumvunja moyo. Heledd alikunja ramani polepole, kwa mikunjo yake ya asili, akasema kwamba yeye leo hawezi kuendelea kupanga kitu. Waliondoka wote wawili bila kunywa chai ya pili, na kamba zao wakazibeba.

Kesho yake, baada ya ibada ambako Gwynfor hakuonekana, Ceinwen alipanda mtaa wa juu. Alimkuta bustanini, anapanda viazi. Alisimama upande wake wa kulia, ule wenye masalio ya usikivu, akamwambia kwamba goti ni zima na daktari hakumwona kabisa. Gwynfor akasema hilo amelijua jana, yeye ni kiziwi, hajawa kipofu. Anachotaka kujua ni kosa lake. Tangu jana amekuwa akipekua kichwa chake, amesema neno gani, amemuudhi wapi.

Swali hilo ndilo lililomuumiza Ceinwen kuliko kama angetukanwa. Akamsimulia ile siku ya Gogarth. Ilibidi asimulie kwa sauti kubwa, bustani zile zimepakana, na jirani aliyekuwa akianika nguo aliingia ndani kwa adabu. Alisema juu ya upepo, na neno lile moja, na kamba iliyolegea, na yeye Gwynfor anafunga viatu.

Gwynfor aliacha jembe likaanguka. Alikaa juu ya ukuta mdogo wa mawe, mikono yake yenye udongo ikiwa wazi mapajani, akiitazama kama vitu alivyoviokota njiani.

"Niliachia," alisema.

"Hukusikia, mzee wangu. Si kosa lako. Ndiyo maana sikutaka kukutwisha mzigo."

"Tangu mwezi wa kumi."

"Ndiyo."

Gwynfor aliikunja mikono ile. Kisha akainua uso, na Ceinwen aliona kwamba hakukuwa na hasira ndani yake. Kulikuwa na hofu.

"Mabli anajifunza kukwea," alisema. "Hukujua. Alitaka afike mahali fulani ndipo akushangaze. Kila Jumapili mchana tuko kule kwenye mashimo ya machimbo ya zamani. Anatangulia yeye. Majira yote ya baridi, Ceinwen. Upepo wa kule unaujua. Majira yote ya baridi mimi ndiye niliyemshikia kamba."

Ceinwen aliliokota jembe lililoanguka, akaliegemeza ukutani.

"Ungeniambia siku ile ile," mzee aliendelea, "ningeona haya, ningelala nayo, ningeamka. Tungetafuta njia. Kamba yenyewe ina lugha, nilikufundisha mwenyewe. Mtu asiposikia sauti, anasikia mvuto. Mara tatu, niko tayari. Tungekubaliana hivyo, basi. Wewe ulinihurumia kama wale wazee wako wa kazini."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na njia hiyo ya mvuto wa kamba ni kitu anachokijua kila mkweaji wa majuma mawili. Ceinwen alikuwa anaijua. Haikumjia hata mara moja, kwa sababu tangu siku ile alikuwa amekwisha kumtoa Gwynfor katika hesabu ya watu, akamweka katika hesabu ya wazee.

Akaomba msamaha. Gwynfor akasema ameusikia. Ila kuna mtu mwingine anayestahili kuambiwa, na yeye baba hatamwambia. "Nenda wewe. Kwa mdomo wako."

Mabli alikuwa kwenye banda la kondoo, amepiga magoti kwenye majani makavu, ananyonyesha kwa chupa mwanakondoo aliyefiwa na mama. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye mikono ya kazi na nywele fupi za baba yake. Alifurahi kumwona Ceinwen. Alimuuliza goti linaendeleaje, akamwambia avute ndoo akalie. Ceinwen hakukaa. Kwa mara ya tatu katika siku mbili alisimulia, na safari hii kila sentensi ilitoka ikijikwaa, kwa kuwa aliona uso wa msikilizaji unavyofunga dirisha moja baada ya jingine.

Alipomaliza, Mabli aliendelea kuishika chupa mpaka mwanakondoo akashiba. Akamweka chini kwa uangalifu.

"Mimi na mume wangu tunajaribu kupata mtoto," alisema. "Wajua hilo?"

"Sikujua."

"Utajuaje. Wewe huulizi, wewe huamua tu nani aambiwe nini." Alisimama, akajipangusa magoti. "Ulimhurumia baba kwa roho yangu, dada. Huruma yako uliilipia na shingo yangu. Yako mwenyewe uliiweka salama, ukaacha kukwea naye. Mimi ukaniachia."

"Sikujua kama unakwea naye."

"Na kama ungejua?"

Ceinwen alifungua mdomo aseme bila shaka angesema, kisha akaona hana hakika. Huenda angetunga uongo wa tatu. Mabli alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia, akamwambia arudi nyumbani, yeye ana kazi.

Habari zilienea, kama zinavyoenea kijijini, kwa njia ambazo hakuna anayeziona. Dukani muuza nyama alimuuliza Ceinwen kama goti limepona, kwa uso usio na tabasamu wala ukali. Kanisani wale wamama walimpa mkono na kumtazama mguuni. Hakuna aliyemtukana. Angeona afadhali matusi. Alianza kununua mkate kijiji cha pili, akisingizia kwamba ni njia ya kazini, mpaka siku moja aligundua kwamba hata hilo ni uongo, akarudi kununua pale pale.

Alidhani safari imekufa. Lakini wiki ya kwanza ya mwezi wa tano Heledd alimpigia simu. Alisema wamekutana kwa Gwynfor, wamepanga. Wanakwenda wote, Mabli naye yumo. Mzee amesema Ceinwen aambiwe, na kwamba nafasi yake ipo akitaka. Heledd hakusema kama wengine wamefurahia. Ceinwen alikaa na simu mkononi, akiwaza ile meza ya Gwynfor, ramani imetandazwa, na wao wamekaa kuizunguka wanabishana bila yeye. Alionja alichokuwa amempikia mzee. Akasema anakuja.

Tryfan waliipanda kwenye upepo na jua. Jozi zilikuwa zimekwisha pangwa: Gwynfor na bintiye, Iolo na Heledd, na Ceinwen akafungwa mwisho wa kamba ya Iolo, wa tatu. Hakuuliza. Alikuwa wa kubeba kamba ya akiba na wa kuchomoa vyuma vya wenzake kwenye nyufa, kazi ya mwanafunzi, naye aliifanya bila neno. Kila mara Mabli alipofika juu Ceinwen aliona kamba inavutwa mara tatu, na Gwynfor, aliyekuwa ameishika kwa mikono yote miwili na macho yamefumba, anangoja, kisha anavuta mara tatu kujibu, kisha ndipo anaachia. Mabli alimsalimia Ceinwen asubuhi na jioni. Kati ya hapo hakuwa na la kumwambia.

Siku ya tatu mvua iliziba bonde, wakavuka daraja kwenda Ynys Môn, na kule, kama walivyotegemea, jua lilikuwa linawaka juu ya bahari. Walikwea asubuhi yote. Mchana Iolo aliteleza kwenye njia ya kushukia, akakunja kifundo cha mguu, kikavimba. Akasema haya ndiyo malipo ya kucheka goti la mtu, na kwa mara ya kwanza safari ile Mabli alicheka mbele ya Ceinwen, kisha akakumbuka akaacha. Heledd akakaa na Iolo. Mabli alisema mikono yake imekwisha nguvu. Maji yalikuwa bado chini, na zilibaki saa kadhaa njema.

Gwynfor aliokota kamba. Alimtazama Ceinwen.

"Twende," alisema. "Utangulie."

Njia haikuwa ile ya mwezi wa kumi, ilikuwa rahisi zaidi, ila bahari ilikuwa ile ile. Ceinwen alijifunga, Gwynfor akakagua fundo lake, naye akakagua la Gwynfor, kama walivyofanya miaka yote. Akapanda. Hakutazama chini. Alichomeka vyuma vingi kuliko njia ile ilivyohitaji, karibu karibu, kama mtu anayeshona nguo kwa woga wa kuchanika, na alijua kwamba mzee chini anaona kila kimoja.

Alipofika juu alipata pembe imara ya mwamba. Akaizungushia kamba, akajifunga. Angeweza kuvuta mara tatu hapo hapo. Badala yake alitafuta ufa, akachomeka chuma, akajifunga mara ya pili. Halafu akachomeka kingine. Vidole vyake vilikuwa vinafanya kazi hiyo vyenyewe, na yeye amesimama pembeni ya vidole vyake akiona haya. Gwynfor alikuwa amemsamehe kiasi cha kumpa kamba, na yeye bado hamwamini. Kamba haikulegea hata kidogo wakati wote huo. Aliihisi kiunoni, imeshikwa, inangoja.

Akavuta mara tatu. Ikajibiwa mara tatu. Kisha kukapita kitambo kirefu kabla haijalegea, kirefu kuliko alivyoona Gwynfor akingoja kwa Mabli, kana kwamba mzee naye alikuwa anajiuliza.

Gwynfor alipofika juu alikuwa anahema. Aliketi kando yake, akatazama vile vifungo vitatu Ceinwen alivyojifungia, kimoja, kingine, kingine, naye Ceinwen hakuwa na mahali pa kuvificha.

"Ulichelewa sana kule juu," alisema.

"Nilikuwa najifunga vizuri."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. Chini yao maji yalikuwa yameanza kurudi kwenye mawe, na mvumo wa maji hayo Ceinwen aliusikia peke yake.

"Vizuri," Gwynfor alisema. "Afadhali uchelewe."

Akaanza kukunja kamba. Ceinwen akashika ncha ya pili, wakaikunja pamoja, kila mmoja akitazama upande wake wa bahari, kisha wakainuka kwenda kumsaidia Iolo kutembea mpaka kwenye gari.